Kiti cha Ndugu

Mpaka wenyewe si kitu cha kumtisha mtu. Ni kibao cha kuwakaribisha wageni, kituo cha mafuta chenye malori matatu yamelala kivulini, na vumbi jekundu linalovuka kutoka jimbo moja kwenda jingine bila kuulizwa linakokwenda. Mgonjwa ndiye asiyevuka hivyo. Mgonjwa hushushwa kwenye gari la jimbo hili akapandishwa la jimbo lile, kwa sababu kila jimbo lina gari lake, redio yake na kanuni zake, na kanuni hizo hazijawahi kukaa mkeka mmoja zikajuliana hali.

Hapo ndipo Penisimani alipoegesha pikapu yake mchana ule, nyuma ya gari lililombeba dada yake Lesieli. Njia nzima kutoka Kulnarra alikuwa ameukazia macho mlango wa nyuma wa gari lile, kana kwamba akiangalia pembeni utafunguka. Ndani alikuwamo mkewe, Kalolaine, ameketi kando ya wifi yake akimtafsiria maneno ya wahudumu. Lesieli alikuwa na mimba ya miezi saba. Presha ilikuwa imempanda hadi akawa anaona vimulimuli mchana kweupe, na hospitali ndogo ya Kulnarra ilisema wazi kwamba haimwezi: mtoto akija mapema hivyo hawana pa kumweka. Ndege ya wagonjwa ilikuwa imekwenda kumchukua mtu mwingine. Hospitali kubwa iliyo karibu ilikuwa ng'ambo ya mpaka, Adelaide, na huo ukaribu ni wa kusema tu.

Gari la ng'ambo lilikuwa limeshafika. Akashuka mwanamke wa makamo, nywele fupi zenye mvi, jina lake Rhonda limeshonwa kifuani. Alimsalimu Lesieli kwa kumgusa bega, akatazama dripu, akatazama presha, kisha akaipokea karatasi kutoka kwa mzee Neville, mhudumu wa upande wetu.

"Penisimani ni nani?"

"Mimi."

"Wewe ndiye uliyeandikwa. Panda."

Kalolaine alikuwa ameshaushika mkono wa machela. "Samahani, mama. Niliyekuwa naye ni mimi. Mimi ndiye ninayemtafsiria. Kiingereza chake ni cha shambani tu."

"Wewe ni nani wake?"

"Wifi yake. Mke wa kaka yake."

"Basi si ndugu wa damu."

"Sisi tunampandisha yeyote ambaye mgonjwa anamtaka," alisema mzee Neville, akijikuna shingo.

"Ninyi," alisema Rhonda. "Kwetu kiti cha ndugu ni kimoja, na anakikalia yule aliyeandikwa kule hospitali, basi. Nikimpandisha mwingine, likitokea la kutokea, wananigeukia mimi."

"Si mbadilishe jina tu?" Kalolaine alisema.

"Naweza, nikipiga simu kwa wakubwa wangu; redioni hawabadilishi majina. Wewe unaona mtandao hapa?"

Kalolaine akaitoa simu yake, akainyanyua juu, akaishusha. Mtandao haukuwepo. Jina lenyewe lilikuwa limeandikwa asubuhi, karani alipouliza nani ndugu wa karibu, na Penisimani akajitaja bila kufikiri, kama anavyojitaja kwenye mkataba wa umeme. Kwetu Tonga, visiwani, mbele ya serikali anayetajwa ni mwanamume wa nyumba. Hakuna aliyewaambia kwamba kuandikwa jina ni kukatiwa kiti.

"Mama, nisikilize," Kalolaine alisema, na sasa alishusha sauti, maana dereva wa gari lile alikuwa amesogea kusikiliza. "Kwetu Tonga, kaka na dada hawakai pamoja kwa mambo kama haya. Mambo ya mwili. Uzazi. Ni mwiko. Hawezi kumuuliza, na yeye hawezi kumjibu."

"Kwani si kaka yake kweli?" dereva aliuliza.

"Ni kaka yake, tumbo moja."

"Sasa si ndiyo vizuri? Mimi dada yangu alinitapikia gari zima siku ya harusi yake, nikamwosha mpaka viatu."

Wakacheka, yeye na dereva mmoja wa lori aliyekuwa akinywa soda karibu. Hawakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililomkera Penisimani zaidi, maana mtu anayekucheka kwa wema huwezi hata kumnunia. Aliwaona wote wanamtazama: lijitu la Kitonga, mikono kama makasia, linaogopa kukaa na dada yake mgonjwa. Alikuwa msimamizi wa wachumaji kwenye shamba la zabibu, na kazi ile ilikuwa imemfundisha jambo moja, kwamba mzungu mwenye karatasi mkononi hujibiwa sawa. Ukibishana naye, karatasi huongezeka.

"Sawa tu," alisema. "Nitakwenda mimi."

Kalolaine alimgeukia akasema Kitonga. "Peni. Wakiuliza, utauliza?"

"Nitauliza."

"Niangalie useme."

Hakumwangalia. Alimpa funguo za pikapu, akampisha apite, akapanda.

Lesieli alipoona ni nani aliyeketi kwenye kile kiti, aliivuta blanketi hadi kidevuni, akaugeuzia uso ukuta wa gari. Mlango ukafungwa.

*

Tangu sauti yake ilipovunjika, Penisimani hajawahi kuingia chumba alicholala dada yake. Filamu ikianza kuonyesha watu wanabusiana, mmoja wao hutoka kwenda kunywa maji. Kwetu dada ndiye mkubwa, hata akizaliwa kitinda mimba, na kaka humtukuza kwa kumpisha, kwa kuchunga mdomo, kwa kutojua mambo yake. Lesieli alipokuja kuchuma zabibu kwa msimu, akamwacha mumewe kisiwani Vava'u, hakujua kama ana mimba. Ilipojulikana, Penisimani hakuambiwa. Aliiona ikikua kama mtu anavyoiona nyumba ya jirani ikijengwa, akanyamaza, akaanza kuleta maziwa nyumbani. Jioni moja alileta na kitanda kidogo cha mtoto, akakiacha barazani, asiseme ni cha nani. Lesieli akakiingiza ndani, naye asiseme kitu. Hivyo ndivyo walivyopendana, na hakuna kati yao aliyekuwa na shaka na mapenzi hayo.

Sasa magoti ya Penisimani yalikuwa karibu yaguse machela ya dada yake. Alijigeuza kwenye kiti kadiri mkanda ulivyomruhusu, akatazama kidirisha cha mlangoni. Nje vichaka vifupi vilikuwa vinapita, vichaka tu, hata nyumba moja hakuna.

"Haya, tufanye kazi," alisema Rhonda, akijifunga mkanda upande wa pili. "Nilijaribu kumpata mkalimani wa simu, lakini huku hakuna mtandao mpaka tukaribie mto. Kwa hiyo mkalimani ni wewe. Muulize kama tumbo linamuuma. Na kama ameona damu."

Penisimani akasafisha koo. Maneno aliyajua. Yalikuwa pale pale kwenye ulimi, maneno ya kawaida ambayo kila mama wa Kitonga huyasema jikoni, na alipojaribu kuyatoa hayakutoka. Si kwamba aliamua. Mdomo ulifunguka ukasema maneno mengine.

"Dada, huyu mama anakuuliza hujambo."

"Sijambo, kaka," Lesieli aliuambia ukuta. "Mwambie asante."

"Anasema hapana," Penisimani alimwambia Rhonda.

"Hapana zote mbili?"

"Zote mbili."

Rhonda akaandika. Kwenye kifuko cha mkono wa Lesieli hewa ikajaa, ikatoka, na kioo kidogo kando ya machela kikaonyesha presha. "Inashuka," alisema Rhonda. "Vizuri. Dawa waliyompa huko kwenu inafanya kazi."

Penisimani alipumua. Basi hakuna kilichoharibika, alijiambia. Angeuliza asiulize, jibu lingekuwa hilo hilo, na dada yake amesitirika. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo na akaanza kuhesabu watu wa kanisani atakaowapigia simu wakifika salama.

Baadaye kidogo Lesieli akaanza kuimba. Aliimba chini chini, wimbo wa kanisani, ule ambao kwetu watoto huujua kabla ya kujua kufunga vifungo. Rhonda akatabasamu.

"Anaimba. Hiyo ni dalili njema."

Penisimani hakutabasamu. Kwetu watu huimba wakifurahi, na huimba pia wakiwa wameshikwa na maumivu wasiyotaka yasikike. Mama yao aliimba hadi wodi nzima ikajua nyimbo zake, kisha akafa. Alisikiliza. Lesieli alikuwa anaukata wimbo katikati ya mistari, mahali ambapo hakuna anayevuta pumzi, halafu anaudaka tena mbele. Jasho jembamba likamtoka Penisimani mgongoni, ilhali ndani ya gari mlikuwa na baridi.

Rhonda akafungua mkanda wake. "Nataka nimpapase tumbo," alisema, akashika ncha ya blanketi. Lesieli akaikamata kwa mikono yote miwili. Aliitazama blanketi, halafu akatazama upande alipokaa kaka yake, mara moja tu, haraka, kama mtu anayeangalia moto umefika wapi.

"Sawa, sawa, mama," alisema Rhonda akirudisha mkono. "Sitakufunua mbele ya mwanamume." Akamgeukia Penisimani. "Basi muulize tena. Damu. Kidogo, nyingi, chochote kile. Na maumivu, kama yanakuja na kuondoka, au yamekaa tu."

Penisimani akafumba macho. Alimwona Kalolaine pale mpakani, akisema niangalie useme. Alifungua kinywa.

"Dada, tumebakiza mwendo mdogo tu."

"Haya, kaka."

"Hapana," alimwambia Rhonda. "Hakuna."

Uongo wa kwanza ulikuwa wa aibu. Wa pili ulikuwa wa kuufunika wa kwanza, na huo ndio mzito, maana sasa akisema kweli itambidi aseme na kwamba alidanganya. Alikaa akiutazama mlango. Aliogopa kugeuka, aliogopa kutogeuka. Gari lilikuwa linakwenda mbio sana na bado aliona kama limesimama.

Kifuko kikajaa tena, kikatoka. Safari hii Rhonda hakusema vizuri. Alikiangalia kioo, akakibonyeza, akangoja, akakiangalia tena. Akaushika mkono wa Lesieli, akaugeuza, akabonyeza kucha.

"Presha imeshuka mno," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, haikuwa tena ya kumfariji mtu. "Na moyo unakimbia. Presha ya mtu kama huyu haishuki bure namna hii. Amepoa mikono, anatoka jasho. Kuna kitu."

Aligonga dirisha la mbele. "Njia panda bado?"

"Ipo mbele hapo," alisema dereva.

Rhonda akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wa Penisimani. "Nisikilize, bwana. Kushoto kuna mji wa mtoni, hospitali yake ina chumba cha upasuaji. Mbele ni Adelaide, mbali. Nimeagizwa Adelaide. Kanuni yangu inasema siwezi kumpeleka mgonjwa wa jimbo jingine hospitali ambayo haijamkubali, ila kwa sababu ninayoweza kuitaja. Na wewe umeniambia mara mbili hakuna sababu. Muulize mara ya mwisho. Ukimaliza, nitazame machoni."

Basi Penisimani aligeuka. Aligeuka mwili mzima, mkanda ukamkata bega, akamtazama dada yake usoni kama ambavyo hakuwahi kumtazama tangu utoto. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu. Wimbo ulikuwa umekwisha, midomo ilikuwa ikicheza tu.

"Lesieli," alisema, jina tupu, bila dada mbele yake. "Humu ndani huna kaka. Kaka yako yuko nyuma anaendesha pikapu. Mimi ni mtu tu ninayejua Kiingereza. Tumbo linauma?"

Machozi yakamtoka Lesieli yakaingia masikioni. "Kaka, nisamehe."

"Hakuna kaka hapa. Linauma?"

"Linauma."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mpaka. Haliachii hata kidogo. Limekuwa gumu kama ubao."

"Damu je?"

Lesieli akaivuta tena blanketi.

"Lesieli. Damu."

"Ipo."

"Kiasi gani?"

"Nimeilalia," alisema Lesieli. "Nilikuwa naona haya, kaka. Nimeilalia tu."

Penisimani akamgeukia Rhonda, akamtazama machoni kama alivyoambiwa, akayatafsiri yote, neno kwa neno, kwa sauti ambayo hakuijua ni ya nani. Hakuwa amefika mwisho Rhonda alipoitupa blanketi pembeni. Shuka ya chini ilipaswa kuwa nyeupe.

"Kushoto," Rhonda alimpigia kelele dereva. "Kata kushoto, washa king'ora, waambie chumba kiwe wazi na damu iwe tayari."

Gari likakata kona kwa nguvu. Mkono wa Lesieli ukaning'inia nje ya machela, na Penisimani akaudaka. Ulikuwa wa baridi na mzito. Hakuwa ameushika mkono huo tangu walipokuwa watoto wanavushana mawe ya ufukweni, na aliushika sasa akiomba kwa sauti, bila kujali nani anasikia.

*

Walimwondoa mbio, milango miwili ikajifunga nyuma yao, na Penisimani akabaki kwenye chumba cha kungojea na ndala zake za shamba. Karani mmoja kijana akamfuata na maswali. Mgonjwa ni mkazi wa jimbo gani? Bima ya wafanyakazi wa msimu? Hiyo inalipa kule alikoajiriwa. Na huku je? Mbona karatasi inasema anakwenda Adelaide? Penisimani alijibu sijui, sijui, sijui, mpaka karani akamwonea huruma, akamwacha akaondoka na kalamu yake.

Kalolaine alichelewa. Alipoingia macho yalikuwa mekundu na kanga aliyojifunga kiunoni imejaa vumbi.

"Walinisimamisha njiani kwenye ukaguzi wa matunda, eti ya kwetu hayaruhusiwi kuingia jimbo hili," alisema. "Nikawaambia nina mgonjwa mbele, wakasema kila mtu ana haraka. Wakafungua kila kitu. Chakula nilichompikia wakakifunua, wananiuliza haya majani ni ya nini, hii nyama ni ya nini, imetoka wapi. Zile zabibu alizochuma mwenyewe wakazitupa pipani. Halafu nikaenda mbele, Peni, nikaenda mbele moja kwa moja kuelekea Adelaide, nikijua mko mbele yangu. Mpaka simu ilipopata mtandao ndipo nikaona ujumbe wako, nikageuza." Akaketi. "Yuko wapi?"

"Wanampasua."

"Na mtoto?"

"Sijui."

Wakakaa. Kalolaine hakuuliza zaidi, na Penisimani aliogopa huko kutouliza kuliko maswali ya karani. Kila mlango ulipofunguka alisimama, kisha akaketi.

Daktari aliyetoka alikuwa msichana bado, kofia ya upasuaji imemwachia mstari kwenye paji la uso. Alisema Lesieli amepoteza damu nyingi mno lakini watamwokoa, atapona. Alisema kondo la nyuma lilikuwa limebanduka mapema, likavujia ndani.

"Mtoto alikuwa wa kike," alisema. "Pole sana. Hatukumwahi."

Kalolaine akajifunika uso. Daktari akaendelea kusimama, kwa sababu alikuwa na swali la kuuliza, na ilimbidi aulize.

"Maumivu yalianza lini hasa?"

"Kabla ya mpaka," alisema Penisimani.

Daktari alitazama saa ya ukutani, akatazama chini, akaandika. Heri angemlaumu.

Kalolaine akaitwa ndani kukaa na Lesieli, maana alikuwa ameanza kuzinduka. Hapa hakuna aliyeuliza nani kaandikwa.

*

Rhonda alimkuta Penisimani pale pale alipoketi. Alikuwa amenawa, amebadilisha shati, na amebeba vikombe viwili vya karatasi vyenye chai. Akampa kimoja, akaketi kando yake.

"Pole, bwana."

"Asante."

"Mtoto imeshindikana. Lakini dada yako yu hai kwa sababu yako. Nataka ulijue hilo, maana usiku watu hulala wakijilaumu." Akanywa chai. "Mimi sikumwelewa yule mkeo pale mpakani. Alisema hutaweza kumuuliza. Dada yako alikaa kimya na mimi, akakaa kimya mara mbili, mpaka kaka yake alipogeuka akamwomba. Mkalimani wa simu asingeipata ile. Wala wifi."

Penisimani alikishika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Nimeandika hivyo," alisema Rhonda. "Kuna kamati inayotaka kutunga kanuni moja ya nchi nzima, namna ya kuhamisha wagonjwa kutoka jimbo hadi jimbo. Wanakutana tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Magari ya namna moja, karatasi ya namna moja, nani apande, nani asipande. Mwaka huu wametuomba sisi wa barabarani tuwaeleze tuliyoyaona. Nimewaandikia habari yenu. Kwamba kanuni yetu ndiyo iwe ya wote: ndugu wa damu kwanza, na akiwepo anayejua lugha, hakuna haja ya mkalimani. Namalizia kule garini kisha naituma." Akasimama, akamgusa bega kama alivyomgusa Lesieli mpakani. "Wewe ni kaka mwema."

Akaondoka. Chai ilikuwa ya moto na Penisimani hakuionja. Kaka mwema. Neno hilo lilikuwa limekwisha kuandikwa mahali, na wakubwa watalisoma, na hakuna mtu duniani aliyejua vingine ila yeye. Hata Lesieli hajui, alijiambia. Lesieli aliulizwa hujambo, akajibu sijambo.

Kalolaine akatoka wodini. Hakuketi. Alisimama mbele yake na mikono imeshuka.

"Wamemwonyesha mtoto," alisema. "Ameshamshika. Amempa jina la mama yenu."

Penisimani akainamisha kichwa.

"Ana neno lako. Amesema nikuambie mimi, maana yeye kwako hawezi kulisema." Kalolaine akavuta pumzi. "Amesema alimsikia yule mama. Neno la damu kwa Kiingereza analijua, Peni. Ndilo la kwanza walilofundishwa shambani, kwa ajili ya visu. Alilisikia mara mbili. Na mara mbili akasikia wewe unamwambia habari za salamu na safari, kisha unamjibia hapana. Amesema nikuambie kwamba alikushukuru. Alikuwa analala pale anamwomba Mungu usije ukamuuliza."

"Amesema ulimfanyia heshima," alisema Kalolaine, na sauti yake ikavunjika. "Amesema nikuambie hivyo, nisiongeze langu. Sasa mimi siongezi."

Penisimani akakiweka kikombe sakafuni. Aliinuka.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa yule mama. Ameandika kwamba niliuliza."

"Mwache aandike," Kalolaine alisema upesi, akamshika mkono. "Peni, hawa si watu wetu. Ukisema, watakuita, watakuuliza, itafika polisi. Una watoto wawili nyumbani. Dada yako yuko hapa kwa kibali cha msimu. Mtoto harudi kwa wewe kusema."

"Wanataka kuifanya kanuni."

"Kanuni gani?"

"Kwamba apande kaka," alisema. "Nchi nzima."

Kalolaine akauachia mkono wake.

Gari lilikuwa limeegeshwa mlango wa dharura, milango ya nyuma wazi, dereva anamwaga maji sakafuni na kuyasukuma nje kwa ufagio. Maji yalitoka na rangi. Penisimani alipita kando yake. Pale mpakani aliogopa kuchekwa, ndani ya gari aliogopa kutamka, na sasa hakujua anaogopa nini, ila alijua kwamba yale mawili yalikuwa madogo.

Rhonda alikuwa ameketi kiti cha mbele, mlango wazi, miguu nje, anaandika.

"Futa," alisema Penisimani.

"Nifute nini?"

"Hilo la kaka. Dada yangu hakukaa kimya. Hakuulizwa. Uliponituma mara ya kwanza nilimwambia unamsalimu. Ya pili nilimwambia tumekaribia. Hapana zote mbili zilikuwa zangu."

Dereva aliacha kufagia. Rhonda aliinua uso, na mwanzo ulikuwa uso wa mtu ambaye hajaelewa, kisha Penisimani aliuona ukielewa, polepole, hadi mwisho. Ile huruma ikaondoka yote.

"Ulikuwa umekaa pale pale," alisema Rhonda. "Ulikuwa unaniona nahangaika na kile kioo. Ulijua yule ni nani amelala pale."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini, mwanamume wewe? Kwa nini hukumuuliza?"

"Kwa sababu ni dada yangu," alisema Penisimani. "Andika hivyo hivyo."